Mfuko wa Soseji Uliotiwa Mlenda

Sitataja jina la mtu hapa. Siyo kwamba naogopa. Mimi sikusaini karatasi ya mtu yeyote na mdomo wangu ni wangu. Ila wote ni ndugu zangu, na aliyekuwepo Mandewa wakati ule atawajua bila kuambiwa. Ninachotaka ni kitu kimoja tu, ijulikane kwamba mama yangu hakumuua mjukuu wake.

Mama alikuwa mpishi wa wazazi. Kwetu Kinyangiri, mwanamke akijifungua, mtu alikuwa anatumwa kwa mama hata kabla mtoto hajapewa jina. Mama anasaga uwele wake mwenyewe, anauchekecha, anauchekecha tena, anapika uji ule laini unaoshuka bila kukwama, halafu anakaa pembeni ya kitanda mpaka mzazi amalize. Hakudai kitu. Akipewa kipande cha sabuni anashukuru, asipopewa anarudi zake nyumbani. Lakini njiani, majitu mazima yenye ndevu yalikuwa yanasimamishwa na mama zao: msalimie huyo, ndiye aliyeninywesha uji siku nilipokuzaa. Nayo yanainama, shikamoo bibi. Mama hakuwa na shamba kubwa wala ng'ombe wa kujivunia. Hicho ndicho alichokuwa nacho.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Mandewa, si mbali na kibanda changu cha kushonea nguo. Mkewe, wifi yangu, alipopata mimba ya kwanza na mimba ikawa kubwa, mama akaja mjini kumsaidia. Nilimpokea stendi mwenyewe. Alishuka na kiroba cha unga wa uwele, mlenda mkavu amefunga kwenye kitambaa, na kuku jike ametoa kichwa kwenye kikapu. Kwetu mtu haendi kwa mkwe mikono mitupu, na mkoa wetu mzima unajua zawadi ni kuku.

Wifi yangu ni mtoto wa mjini. Simsingizii, siyo mchoyo na hana matusi. Kasoro yake ni kwamba anaamini kilichofungwa. Maziwa ya boksi, maji ya chupa, unga wenye picha. Kitu kikishatoka kwenye kapu la mtu lenye vumbi la Kinyangiri, yeye anakishika kwa ncha za vidole. Sebuleni kwake kulikuwa na friza, amelifunika kitambaa cha kufuma, na ndani yake limejaa soseji za kiwandani, zile za mfuko mgumu wenye picha ya familia inacheka mezani. Mimba ilimfanya achukie harufu ya mafuta yanayochemka. Basi anatoa soseji kwenye friza, anaziacha kwenye bakuli zilainike, anazila hivyo hivyo baridi, moja baada ya nyingine, huku anaangalia tamthilia.

Mama alimuuliza mara moja tu. "Mwanangu, huzipashi hata moto kidogo?"

Wifi akacheka. "Mama, hizi zimeshaiva kiwandani. Halafu baridi ya friza inaua wadudu wote. Hizi siyo nyama za kuning'iniza juani."

Mama hakuwa na friza, hajawahi kuwa nalo. Akadhani huenda ndivyo ilivyo.

Kitu ambacho mama hakukiacha ni ile mifuko. Mfuko ukiisha soseji wifi anautupa, mama anauokota. Anauosha kwa sabuni, anaugeuza nje ndani, anauanika kwenye kamba na vibanio kama soksi. Anasema plastiki ile ni nzito, unyevu haupiti, mlenda ukikaa humo hauoti ukungu mpaka mvua nyingine. Wifi aliona aibu na majirani. Nilimsikia siku moja akimwambia mume wake chumbani, kwa sauti ya kutosha kusikika jikoni, kwamba watu watadhani wanaishi kwa kuokota takataka. Mama akaihamisha mifuko yake, akawa anaianika nyuma ya choo.

Yule kuku alichinjwa Jumapili. Mdogo wangu ndiye aliyemchinja, mama akampika. Kuku wa kienyeji mnamjua, siyo wa kuchezea; alichemka tangu watu walipoondoka kwenda kanisani mpaka waliporudi. Tulikula wote. Mdogo wangu alikula paja. Mimi nilikula shingo na nikanyonya mifupa. Wifi alikunywa supu kikombe, kwa kulazimishwa. Hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Baada ya muda wifi akaanza homa. Mgongo, kichwa, baridi ya kutetemeka. Tulidhani malaria, akapimwa, hakuna malaria. Halafu mtoto akaacha kucheza tumboni. Alizaliwa hospitalini, wa kiume, kamili, ana nywele nyingi na kucha, amekufa. Nilimshika mimi kabla hawajamfunga sanda. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Daktari aliuliza wifi alikuwa anakula nini. Akasema kuna wadudu wanaoingia kwa chakula wanaoweza kumfikia mtoto tumboni, damu imepelekwa kupimwa kwenye maabara kubwa, majibu yatachelewa. Alichosema ni hicho tu. Lakini neno chakula lilishatoka, na nyumba yenye msiba haihitaji maneno mengi.

Siku ya pili ya matanga, wanawake wamejaa sebuleni, wifi amelala kwenye godoro chini, mama yake mzazi akauliza mbele ya watu wote, "Hebu niambieni, huyu mtoto wangu alilishwa nini?"

Wifi akasema bila kugeuka, "Supu ya kuku wa mama."

Macho yote yakaenda kwa mama. Alikuwa amechuchumaa mlangoni anaosha vikombe vya chai vya waombolezaji. Wakamwangalia mikono. Mdogo wangu alikuwa amesimama pale pale, yeye aliyemchinja yule kuku, yeye aliyekula paja. Nikamkazia macho aseme. Akatoa simu mfukoni akaanza kuiangalia. Nikasema mimi, kwamba tulikula wote na wote tuko wazima. Mama yake wifi akanijibu kwa upole kabisa kwamba mchawi haumwi na dawa yake, na watoto wake pia hawaumwi.

Tangu saa ile mzazi hakugusa tena chakula cha mama. Mama alipika uji wa uwele asubuhi, kwa sababu kwake mwanamke aliyejifungua ni mzazi, mtoto awe hai au amekufa. Akaupeleka mwenyewe. Mama yake wifi akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka nao nje, akaumwaga kwenye shina la mpapai. Mama anaona. Kisha yule mwanamke akafungua friza, akatoa soseji. "Kula hizi mwanangu," akasema. "Hizi angalau tunajua zilikotoka." Akamlisha kwa mkono wake. Na leo nikikumbuka hilo, nacheka, na ni kicheko kibaya.

Siku ya kuvunja matanga mdogo wangu akampa mama nauli. "Mama, upumzike kwanza nyumbani, mambo yatulie." Mama akafunga virago vyake. Mlenda wake aliutia kwenye ile mifuko ya soseji, akaifunga kwa kamba, akaiweka chini kabisa ya kikapu ili wifi asiione.

Maneno yalifika Kinyangiri kabla hajafika yeye, maana siku hizi maneno hayapandi basi. Bibi amemla mjukuu wake. Walisema hivyo hivyo, amemla, kama mtu anavyosema amekula ugali. Wiki chache baadaye nilikwenda kumwona. Usiku uliopita mwanamke wa nyumba ya jirani alikuwa amejifungua, na asubuhi tulisikia vigelegele kupitia uani. Mama alikuwa ameshasaga. Akawasha moto, akapika, akafunika sufuria kwa ungo, akakaa kwenye kigoda anaangalia njia. Watu walipita kwenda kwa mzazi na sufuria zao, hawakugeuza shingo. Jua likapanda. Mimi nikamwambia, mama tunywe wenyewe. Akasema ngoja kidogo. Tulikuja kuunywa mchana, umeganda.

Basi, tangazo likaja. Nilikuwa kwenye cherehani, simu ikalia, kikundi cha mtaa. Mtu katuma picha ya mfuko wenye familia inayocheka. Chini yake imeandikwa kwamba soseji hizo zinaondolewa madukani zote, na matoleo yaliyoorodheshwa namba zake yana vijidudu, aliyenazo asile, azirudishe alikonunua, na wajawazito hasa wajihadhari. Nilisoma mara nyingi. Nikaondoka na futi kamba shingoni, nguo ya mteja nimeiacha ndani ya mashine, mpaka kwa mdogo wangu. Wifi alikuwa sebuleni. Nikampa simu. Akasoma, akaangalia friza, akasoma tena, akakaa chini sakafuni. Alilia kilio cha ajabu, cha kukatika pumzi. Mimi nilisimama nikamwangalia nikafurahi. Nasema ukweli, nilifurahi mno.

Majibu ya maabara nayo yakatoka. Mdudu ni yule yule wa kwenye tangazo. Daktari alitueleza taratibu: huyu mdudu hauawi na baridi, kwenye friza anasubiri tu, na soseji zikishalainika ndani ya bakuli anaendelea kuzaliana. Kinachomuua ni moto. Kwenye supu iliyochemka asubuhi nzima hawezi kutoka mzima. Wifi alikuwa anatazama mikono yake.

"Tumesikia," nikamwambia mdogo wangu pale pale korido. "Twende Kinyangiri leo. Ukamwite mama mbele ya majirani zake, useme."

"Tutakwenda, dada," akasema. "Kwanza tumwone wakili."

Wakili alikuwa mwanamke mwenye ofisi ghorofani pale mjini, mwenye maneno machache. Alisema bidhaa ikiwa na kasoro na ikamdhuru mlaji, mwenye kiwanda anawajibika, hata kama duka lililouza halikujua. Tunaweza kupeleka malalamiko kwenye mamlaka zinazolinda walaji. Hao wanaweza kumwadhibu mwenye kiwanda, lakini adhabu yao siyo lazima ituguse sisi. Tunaweza kwenda mahakamani kudai fidia. Au tunaweza kuwaandikia wenyewe kiwanda kwanza, tukazungumza, tukamalizana. Njia yoyote tutakayoshika, akasema, mzigo ni wetu: tuonyeshe kwamba tulinunua, kwamba aliyeumia alikula zile zile za toleo lililotajwa, na kwamba hicho ndicho kilichomdhuru na siyo kitu kingine.

Risiti wifi alikuwa nazo ndani ya pochi. Tulipozitoa zilikuwa nyeupe pe, wino wa mashine umefutika zamani. Tukaenda kwa mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Singida, ambaye babu yetu alikuwa anamuuzia baba yake alizeti. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akatuonyesha friza lake tupu, limeoshwa na kuachwa wazi. Bwana afya alikuja, vyote vikachomwa. Alikubali kusema kwamba wifi ni mteja wake na soseji zile alikuwa anachukua kwake. Lakini matoleo yalikuwa mengi na yaliyotajwa ni machache, na mzee hakuweza kuapa kwamba alimpa lipi.

"Mfuko wenyewe upo?" wakili akauliza. "Namba ya toleo imepigwa kwenye mshono, pale chini."

Kwetu takataka zinachomwa kila Jumamosi. Nikaanza kusema hivyo. Wifi akaniwahi, kwa sauti ndogo, "Mama aliichukua."

Tukaenda Kinyangiri, mimi na mdogo wangu. Mama alituona tangu barabarani. Alipojua ni mwanawe, alivua kanga ya kazi akajifunga nyingine, akatandika mkeka, akaanza kukimbiza kuku uani, yeye na goti lake bovu. Alidhani amefuatwa. Mdogo wangu akaamkia shikamoo vizuri kabisa, akauliza hali ya mashamba, akauliza mvua, halafu akasema, "Mama, ile mifuko ya soseji bado unayo?"

Mama alisimama na kuku mkononi. Akatazama mimi, akatazama yeye. Nikamweleza mimi, yote, tangazo, damu, mdudu, friza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamwachia kuku, akaingia ndani, akatoka na mifuko, akamimina mlenda kwenye ungo. Vumbi la kijani likatuingia puani. Akataka kuiosha ili isitutie aibu huko mjini, nikamzuia. Namba ilikuwepo kwenye mshono, imepauka, lakini inasomeka. Mdogo wangu alilinganisha na simu, akaguna.

"Kwa hiyo hii itasema siyo mimi?" mama akauliza.

"Itasema, mama."

"Na watu wataambiwa? Na huku?"

"Wataambiwa."

Mama akataka tusubiri kuku aive. Mdogo wangu akasema gari itatuacha. Tulimwacha anazoa mlenda kwenye ungo kwa kiganja, anatafuta pa kuutia.

Wenye kiwanda wana watu wao. Walipopata barua ya wakili wetu wakatuma mtu Mandewa, akaulizauliza mtaani kwa utulivu kama anatafuta chumba cha kupanga. Jibu lao likasema kwamba familia yenyewe ilishaamini chanzo ni kuku wa kienyeji aliyeletwa na mama mkwe, kwamba habari hiyo inajulikana na mtaa mzima, na kwamba hata mama mzazi wa huyo mjamzito aliisema hadharani. Wakili alitusomea, kisha akamtazama wifi juu ya miwani. Wifi aligeuka rangi.

Kwa hiyo mama akaitwa mjini kujitetea. Alikuja na viatu vya kuazima. Wakakaa naye kwenye chumba kimoja, wakili wetu upande huu, wa kwao upande ule, kijana msafi mwenye adabu. Huyo akamuuliza kuku alikuwa wa nani, alimlisha nini, alimchemsha kwa muda gani, sufuria aliosha na nini. Mama anajibu kila swali. Mwishoni akamuuliza, "Bibi, mkwe wako ulikuwa unampenda?" Mama akafikiri. Akasema alikuwa anajifunza kumpenda. Yule kijana akaandika.

Watu nilianza kuwaambia, mnadhani ningekaa kimya? Niliwaambia wateja wangu, niliwaambia wanawake wa Kinyangiri kisimani. Wakanisikiliza kwa huruma. Wewe ni mtoto wake, wakasema, lazima useme hivyo. Kama ni kweli, mbona mwanawe wa kiume hasemi? Mbona mkwe hasemi? Wifi alikuwa ameshamwambia mama yake kwamba soseji zao zilikuwa za toleo jingine, kwa sababu yule mama ndiye aliyemlisha nyingine kwa mkono wake, na wifi hakuwa na moyo wa kumwambia. Nikajua kwamba mdomo wangu hauna thamani. Aliyekuwa na uwezo wa kumsafisha mama ni mwanawe, au mkwewe, au mahakama.

Kiwanda kikakubali kulipa. Wakili alituita, akasoma masharti. Wanalipa bila kukiri kosa. Mifuko inabaki kwao. Na watakaosaini, mume na mke, hawatasema kwa mtu yeyote kwamba bidhaa ile ndiyo iliyosababisha kifo cha mtoto. Wakisema, au wakikubali mbele za watu, fedha yote inarudi.

"Na tukikataa?" nikauliza.

"Tunaenda mahakamani. Itachukua muda, na kushindwa kupo. Lakini mkishinda, hukumu inasomwa hadharani, kila mtu anasikia."

Nikamgeukia mdogo wangu. "Umesikia? Hadharani."

Akasema, "Dada, unajua kesi zinavyokuwa."

"Najua mama anavyokuwa. Ulimwambia wataambiwa. Nilikuwepo."

Wifi alikuwa analia tena, mimi nilishachoka na machozi yake. Mdogo wangu akachukua kalamu. "Mama ataelewa," akasema, akasaini, akamsogezea mkewe karatasi, naye akasaini juu ya machozi. Nilitoka nikashuka ngazi, nikakaa chini kwenye baraza la duka nikatukana peke yangu mpaka mwenye duka akaniletea maji.

Alimpigia mama simu siku ile ile, mimi nikiwepo, maana nilimfuata mpaka nyumbani. "Mama, jambo limekwisha vizuri. Ila usilizungumze kabisa. Likisikika kwamba tumesema, watanidai yote." Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikamsikia mama vizuri. Akasema, "Haya, baba."

Wakajenga nyumba, pale pale Mandewa, bati la rangi, dari ya jipsam. Watu waliambiwa ni mkopo. Friza wakahama nalo.

Wifi akashika mimba tena, akajifungua salama. Wa kike. Hakuna aliyemwita mama, nilimwambia mimi. Alikuja. Alishuka stendi na unga wa uwele, na kuku jike kwenye kikapu, yule yule mama wa siku zile, ila amekonda shingo. Nikamwambia mama, safari hii nitasema. Akaniambia nisiseme kitu, yeye amekuja kumwona mtoto tu.

Sebuleni walikuwepo mama yake wifi na wanawake wengine wa mtaani. Mama akavua viatu, akapiga goti, akasalimia wote. Mmoja wao, taratibu, akamfunika mtoto uso kwa kanga. Mama aliona. Akasema, "Nimekuja na uwele. Naomba nimpikie mzazi kidogo."

"Usijisumbue, mkwe mwenzangu," mama yake wifi akasema. "Ameshakula."

Wifi alikuwa amekaa kitako kitandani, mlango wa chumba uko wazi, anatuona wote. Yeye anajua. Yeye alisoma tangazo, alimsikia daktari, alitazama mikono yake. Akaangalia ukuta.

Hapo nikashindwa. Nikasimama katikati ya sebule nikasema yote. Nikasema mtoto wa kwanza aliuawa na soseji, zile zilizoondolewa madukani, na hospitali ilisema, na namba ya mfuko ilisema, na kiwanda kililipa, na bati hili mnalokaa chini yake ndiyo malipo yenyewe. Nikamwonyesha wifi kidole. Nikamwonyesha mama yake. "Na wewe ulimlisha nyingine," nikamwambia, "baada ya kumwaga uji."

Mama yake wifi akageuka polepole kwa mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni. Uso umemshuka. "Baba," akamwambia, "ni kweli anayosema dada yako?"

Mdogo wangu akatazama dari. Aliitazama kutoka kona hii mpaka kona ile. "Dada ana hasira zake tangu zamani," akasema. "Hayo mimi siyajui."

Nikafungua mdomo, mama akanishika pindo la gauni. Alikuwa bado amepiga goti.

"Ni kweli ana hasira," mama akawaambia wale wanawake. "Msimsikilize. Kuku alikuwa wangu. Nilimpika mimi, kwa mikono hii."

Wanawake wakavuta pumzi. Mama akainuka kwa kujishika kwenye kiti, akaaga mmoja mmoja kwa mkono, na waliotaka kumpa mkono wakampa. Tulipofika getini, mama yake wifi akatufuata nyuma ameshika kuku kwa mbawa. "Na kuku wako, mama," akasema. Mama akampokea kwa mikono miwili, akasema asante.

Stendi nilimgombeza, namgombeza na mimi nalia, watu wanatuangalia. Kwa nini? Kwa nini mama? Alikuwa amempakata kuku, anamnywesha maji kwenye kifuniko cha chupa.

"Wangemnyang'anya nyumba," akasema. "Na yule mtoto angelala wapi?"

Gari ya kwetu Mkalama ikajaa, akapanda. Alishuka Kinyangiri mchana, watu wamekaa nje wanapepeta, na ilimbidi apite mbele ya nyumba zote kufika kwake. Kwetu kuku aliyepelekwa kwa mzazi harudi. Jirani aliniambia walimwona akipita naye mkononi, wakamwitikia salamu, wakaendelea kupepeta.